Kibodi Inayovuka Kaunta: Mwaka Mmoja na Seti Isiyo na Waya Jijini Kisumu

Kwa miaka sita sasa ninaendesha afisi ndogo ya uchapaji na huduma za mtandaoni jijini Kisumu, katika ghorofa ya kwanza ya jengo lililo karibu na Soko la Jubilee. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo, mteja aliyetaka kufungua akaunti yake ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kuwasilisha ritani za ushuru kwa KRA au, ilipoanza, kujisajili kwa bima ya afya ya SHA alilazimika kuchagua moja kati ya mambo mawili: aninong'oneze nywila yake niichape mimi, au azunguke kaunta aje ajibane kati ya kiti changu na ukuta ili aichape mwenyewe. Wengi walininong'oneza, na waliokuwa nyuma yao kwenye foleni wakasikia. Baadhi waliiandika kwenye kikaratasi ambacho baadaye nilikiokota sakafuni nilipokuwa nikifagia. Jambo hilo lilinikera kwa muda mrefu, kwa sababu nywila ni siri ya mwenyewe na mimi sikuwa na haki ya kuijua, lakini waya wa kibodi yangu haukuweza kufika upande wa pili wa kaunta bila kuangusha stepla, kalamu na kikombe cha chai.

Machi mwaka jana nilinunua seti ya kibodi na kipanya visivyo na waya kwa ajili ya tarakilishi yangu ya mezani. Nimeitumia kwa zaidi ya mwaka mmoja, siku sita kwa wiki, na nadhani nimeijua vya kutosha kuweza kuieleza kwa haki. Nilichokitaka kilikuwa kimoja tu: kibodi itakayoweza kumfikia mteja mikononi. Kwa kipimo hicho imenifaa sana, na singependa kurudi nilikotoka, ijapokuwa yapo mambo ambayo ningeyajua mapema yangeniepusha na wiki tatu za usumbufu mkubwa.

Niliinunua kwa shilingi 2,800 katika duka moja la vifaa vya elektroniki kwenye Barabara ya Jaramogi Oginga Odinga, nikalipa kwa M-Pesa na kupewa risiti ya ETR pamoja na dhamana ya mwaka mmoja. Jina la kampuni iliyoiunda nitaliacha, kwa kuwa karibu kila nitakalolisema linazihusu seti nyingi za bei hii. Ndani ya sanduku mlikuwa na kibodi ya ukubwa kamili yenye vitufe vya tarakimu upande wa kulia, kipanya chenye vitufe viwili na gurudumu, betri mbili za AAA za kibodi, betri moja ya AA ya kipanya, na kipokezi cha USB, ambacho wauzaji wetu hukiita risiva, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kipokezi hicho kimoja huhudumia vifaa vyote viwili. Hakuna programu ya kusakinisha: ukikichomeka, Windows hukitambua kama kibodi ya kawaida na kipanya cha kawaida. Kwa sababu hiyohiyo vitufe hufanya kazi hata kabla Windows haijawaka, kwenye ukurasa wa BIOS, mahali ambapo kibodi za Bluetooth mara nyingi hazisikiki.

Mteja wa kwanza kuitumia alikuwa mama wa makamo kutoka Nyakach, aliyekuja kuomba cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Nilipofika mahali pa nywila niliinua kibodi, nikaipitisha juu ya kaunta na kuiweka mbele yake, kisha nikamgeuzia skrini. Aliitazama kibodi pembeni, akaiinua kidogo na kuchungulia chini yake.

“Mwanangu, hii imekatika?”

“Haijakatika, mama. Haina waya. Andika nywila yako hapo wewe mwenyewe, mimi nitatazama kando.”

“Na nikikosea?”

“Tutafuta, uanze tena. Hakuna haraka.”

Aliandika kwa kidole kimoja cha shahada, herufi baada ya herufi, akiitamka kila moja bila kutoa sauti, nami nikawa nimeukabili ukuta wenye kalenda. Ilimchukua kama dakika mbili. Ukurasa ulipofunguka na jina lake likatokea juu ya skrini, aliniambia kwamba nywila ile ilikuwa inajulikana na mwanawe wa kiume na wahudumu wa saiba mbili, ila yeye mwenyewe hakuwahi kuichapa hata siku moja. Tulimwekea nyingine papo hapo, akaichapa tena kwa mkono wake. Tangu siku hiyo sijamwomba mteja yeyote aniambie nywila yake.

Faida hiyo haikuishia kwenye nywila. Majina ya watu wa huku kwetu yana tahajia ambazo mwenye jina ndiye azijuaye, hasa yenye ng' katikati au mwishoni, na zamani nilikuwa nikiandika, nikigeuza skrini, nikiambiwa si hivyo, nikifuta na kuandika tena. Sasa mteja hulisahihisha jina lake mwenyewe. Waombaji wa kazi huja na barua ambazo wanataka kubadilisha maneno mawili matatu, nami huwapa kibodi wakabadilisha huku nikimhudumia mwingine kwa kukata picha za pasipoti. Kibodi yenyewe ni nyepesi, haichoshi mkono kuinyanyua mara thelathini kwa siku, na katika msimu wa ritani, wiki ya mwisho kabla ya tarehe 30 Juni, ninaamini huinyanyua mara nyingi zaidi ya hizo.

Matatizo yalianza katika wiki ya pili. Mshale wa kipanya ulianza kusita, ukisimama katikati ya skrini kisha ukiruka mbele, na kibodi ikawa inameza herufi nyingine na kuzirudia nyingine, hata nikiandika “kwa” yanatoka “kwaaaaaa” hadi nigonge kitufe kingine. Siku moja nilikuwa nikichapa orodha ya wanafunzi 42 kutoka kwenye daftari la mwalimu wa shule ya msingi. Majina mengi ya Kijaluo hutofautiana kwa herufi ya kwanza tu: Otieno ni mvulana, Atieno ni msichana, na vivyo hivyo Odhiambo na Adhiambo, Onyango na Anyango. Kibodi ikimeza herufi hiyo moja, linalobaki ni “tieno”, na hakuna programu ya kusahihisha tahajia duniani itakayokwambia kama mtoto huyo ni wa kike au wa kiume. Nilikuta majina saba ya namna hiyo nilipoipitia karatasi iliyokwisha kuchapishwa, nikalazimika kuilinganisha orodha yote na daftari, mstari kwa mstari, mwalimu akiwa amesimama ananisubiri na gari la Maseno likikaribia kuondoka.

Nilishuku betri. Nilinunua mpya, hali ikabaki ileile. Niliirudisha seti dukani, muuzaji akaichomeka kwenye mashine yake mwenyewe na ikafanya kazi bila dosari yoyote, nikaondoka nikiwa nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja. Aliyenifumbulia jambo hilo ni fundi anayenitengenezea mashine, ambaye hakuigusa kibodi kabisa.

“Risiva umeichomeka wapi?”

“Nyuma, kando ya diski ya kuhifadhia.”

“Kwenye tundu la bluu?”

Ndivyo ilivyokuwa, na hapo ndipo kasoro yote ilipokuwa. Inafaa nieleze sababu, kwa maana nimekwisha kukutana na watu watatu waliozitupa seti zao nzima kwa ajili ya jambo hili. Kibodi na kipanya vya aina hii huwasiliana na kipokezi kwa mawimbi ya redio ya masafa ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi na Bluetooth. Matundu ya USB 3.0, ambayo kwa kawaida huwa na rangi ya bluu ndani, husafirisha data kwa kasi kubwa kiasi kwamba tundu lenyewe, waya wake na kifaa kilichounganishwa hutoa kelele ya redio inayoangukia katika masafa hayohayo. Kampuni ya Intel, ambayo ni miongoni mwa waliobuni USB, iliieleza hali hiyo kwa kina katika waraka wa mwaka 2012. Mimi nilikuwa nimekichomeka kipokezi kwenye tundu la bluu lililopakana na diski yangu ya nje inayofanya kazi mchana kutwa, nyuma ya kasha la chuma la tarakilishi, kasha lenyewe likiwa sakafuni chini ya meza, na kisambazaji cha Wi-Fi kikiwa kimekaa juu yake. Ni kama kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara ukiwa umejifungia ndani ya kontena huku mashine ya posho ikisaga pembeni yako.

Fundi alikihamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la mbele, la USB 2.0, kupitia waya wa kurefushia wa mita moja ambao nilimpa shilingi 250 akauchukue duka la chini, kisha akakibandika kwa gundi ya utepe chini ya ubao wa kaunta, mahali ambapo hakuna chuma kati yake na kibodi. Kisambazaji cha Wi-Fi tukakihamishia ukutani. Tangu saa hiyo mshale haujasita na herufi hazijirudii, hata mteja akikaa na kibodi kwenye benchi lililo karibu na mlango. Mita 10 zilizoandikwa kwenye sanduku ni za mahali peupe pasipo na kizuizi, na mtu mwenye kasha la chuma sakafuni asizitegemee. Kwa maoni yangu watengenezaji wangeweza kuutia waya huo mfupi ndani ya kila sanduku, kwa sababu bei yake ni ndogo na bila ya huo mnunuzi wa tarakilishi ya mezani yuko katika hatari ya kuilaumu seti isiyo na hatia.

Kumeza herufi ya kwanza, hata hivyo, hakukuisha kabisa. Kibodi ikikaa bila kuguswa kwa dakika kadhaa hulala ili kuhifadhi betri, na kitufe cha kwanza kinachoiamsha wakati mwingine hupotea. Hilo halina tiba, lina mazoea tu: mimi hugonga Shift kwanza, kitufe ambacho peke yake hakiandiki kitu, kisha ndipo ninapoanza. Nimeandika maneno “Gonga Shift kwanza” kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu ya safu ya vitufe vya juu, na wateja wamekizoea.

Baada ya kuelewa kwamba kila herufi inasafiri hewani, swali lililofuata lilinisumbua zaidi ya lile la mshale. Ikiwa nimeinunua seti hii ili kulinda siri za watu, je, nani mwingine anaweza kuzisikia herufi hizo zikipita? Swali hili si la woga mtupu. Februari 2016 watafiti wa Bastille, kampuni ya usalama ya nchini Marekani, walionyesha kwamba vipokezi vya kampuni kadhaa vingeweza kulaghaiwa vikubali amri kutoka kwa mtu aliye mbali na chumba, na Julai mwaka huohuo wakaonyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei nafuu kutoka kwa watengenezaji 8 zilikuwa zikituma herufi bila kuzificha kwa msimbo wowote, hata mtu mwenye vifaa vya bei ndogo akaweza kuzisoma akiwa umbali wa hadi futi 250. Futi 250 kutoka kwenye dirisha langu ni karibu soko zima.

Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba jambo la kwanza la kutazama kwenye sanduku, kabla ya rangi na kabla ya bei, ni maandishi yanayotaja usimbaji wa AES wa biti 128, yaani njia ya kuzificha herufi kwa msimbo zinaposafiri hewani. Sanduku la seti yangu lilikuwa nayo, nami niliyaona kwa bahati tu, baada ya kununua. Ningekuta hayapo ningeirudisha siku hiyohiyo. Kibodi isiyo na maandishi hayo inamfaa mtu anayetazamia filamu sebuleni, lakini haina nafasi katika afisi inayopokea nambari za vitambulisho, PIN za KRA, yaani nambari za walipa ushuru, na nywila za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatuhusu pia sisi wenye vyumba vya futi kumi kwa kumi, na hata isingetuhusu, mama yule wa Nyakach aliniamini.

Kuna kasoro moja ya muundo ambayo kwa mchapaji ni kubwa, nayo ni kukosekana kwa taa ya Caps Lock na ya Num Lock. Watengenezaji wengi huziondoa ili betri idumu. Kwenye sehemu ya nywila, ambapo herufi huonekana kama nukta, mteja aliyegusa Caps Lock kwa bahati mbaya hana namna ya kujua, na nimewahi kumwona kijana akiirudia nywila sahihi mara tatu huku akiamini kwamba ameisahau. PIN ya KRA ina vibambo 11, yaani herufi moja, tarakimu 9 na herufi nyingine mwishoni, na Num Lock ikiwa imezimwa, vile vitufe vya tarakimu upande wa kulia husogeza mshale badala ya kuandika. Nimeweka programu ndogo ya bure inayoonyesha kwenye kona ya skrini kama vitufe hivyo vimewashwa. Inasaidia, lakini taa moja ndogo ya kijani ingesaidia zaidi, na ningekuwa radhi kubadilisha betri mara mbili zaidi kwa mwaka ili niipate.

Kuhusu betri zenyewe, ambazo wazee wetu huziita mawe, matumizi ni madogo kuliko nilivyohofia. Zile mbili zilizokuja na kibodi zilidumu miezi kumi na moja. Ile ya kipanya ilidumu miezi minne na wiki mbili, kwa sababu kipanya hakipumziki kwangu. Baada ya hapo nilifanya kosa la kununua betri za bei rahisi za zinki na kaboni kutoka kwa mchuuzi wa ngazini. Zilimaliza wiki tano, na moja ikavuja maji yaliyoacha ukoko mweupe kwenye chemchemi ya kipanya, nikausugua kwa kijiti cha masikio na siki hadi chuma kikang'aa tena. Sasa ninanunua betri za alkali pekee na kuandika tarehe juu ya kila moja kwa kalamu ya wino mzito. Za kuchajiwa nilizijaribu pia na zinafanya kazi vizuri, ila kwa kuwa zina volti 1.2 badala ya 1.5, taa ya onyo ya kibodi huwaka mapema ikidhani zinakaribia kwisha.

Wenye mashine zilizoingia nchini zikiwa zimetumika Uingereza, kama yangu, wajiandae kwa jambo lingine. Seti nyingi zinazouzwa hapa zina mpangilio wa Marekani, na tarakilishi hizo huja zikiwa zimewekewa mpangilio wa Uingereza, hivyo mteja akigonga Shift na 2 ili kupata alama ya @ ya baruapepe anapata alama za kunukuu, na @ anayoitafuta imejificha kando ya kitufe cha Enter, palipoandikwa alama hizo za kunukuu. Kibodi haina kosa lolote. Ingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza kibodi ya Kiingereza cha Marekani, uiondoe ile ya Uingereza. Kipostrofi cha ng' hakisumbuki, kwani kiko palepale katika mipangilio yote miwili.

Kipanya sina mengi ya kukisemea. Kinakaa vizuri mkononi, hakitoi sauti ya kuudhi na gurudumu lake halijalegea. Kaunta yangu ina kioo juu, chini yake nimepanga mifano ya picha za pasipoti, na kipanya kilikataa kabisa kutembea juu ya kioo hicho, kwa kuwa kinaona njia kwa kumulika mwanga na kupiga picha za vijialama vya uso kilichokalia, na kioo safi hakina vijialama. Jalada la daftari gumu lilimaliza tatizo hilo.

Katika uchapaji mrefu ndipo hukumu yangu inapogawanyika. Ninapokea tasnifu za wanafunzi wa vyuo vikuu, nyingine za kurasa 120, na kwa kazi hiyo nimerudi kwenye kibodi yangu ya zamani yenye waya, ambayo nimeiacha ikiwa imechomekwa kwenye mashine ileile. Tarakilishi huzikubali zote mbili kwa pamoja bila ugomvi. Vitufe vya seti hii ni laini na vifupi, vinavutia kwa nusu saa, lakini baada ya saa tatu vidole vyangu hushindwa kujua kama vimegonga au vimegusa, na makosa huongezeka. Maandishi ya vitufe nayo yamechapwa juu juu tu. Kwa kuwa kazi yangu nyingi ni ya Kiswahili, A imefutika yote, I na N zimebaki nusu, na K imeanza kufifia, ilhali Q na X zinang'aa kama siku ya kwanza. Mimi sihitaji kuyatazama maandishi hayo, lakini mteja anayechapa kwa kidole kimoja anayahitaji, na siwezi kumpa kibodi isiyo na A. Nimebandika vibandiko vya herufi vya shilingi 150, na ninatarajia kuvibadilisha kila baada ya miezi michache. Kwa kifaa cha bei hii nilitarajia wino utakaodumu angalau miaka miwili.

Usafi, kwa upande mwingine, umekuwa rahisi. Jioni ambazo wadudu wa ziwani huvamia taa za mji, asubuhi kibodi huwa imejaa mizoga yao midogo, na kwa kuwa haina waya naichukua hadi ubarazani, naipindua na kuipigapiga mgongoni, kisha naipangusa kwa kitambaa kilichotiwa spiriti kidogo. Ile yenye waya nilikuwa nikiisafisha nimepiga magoti chini ya meza.

Jambo linalonipa wasiwasi hadi leo ni udogo wa kipokezi. Katika seti nyingi za bei hii, kibodi na kipanya vimefungamanishwa na kipokezi kimoja kiwandani, na kikipotea au kikiibwa, vifaa vyote viwili huwa havina kazi tena hata kama ni vizima. Wapo watengenezaji wanaouza vipokezi vinavyoweza kuunganishwa upya; Logitech ilianza kuuza vile vya Unifying mwaka 2009, kimoja kikiweza kupokea hadi vifaa 6, na anayeweza kumudu seti ya aina hiyo anafanya vyema kuongeza fedha. Mimi changu kimebandikwa chini ya ubao, na mashine ikipelekwa kwa fundi ninakibandua na kukitia ndani ya kijumba kidogo kilicho chini ya kifuniko cha betri ya kipanya.

Mwanafunzi mwenye meza yake chumbani Nyalenda au Manyatta, ambaye hampi mtu mwingine kibodi na anataka tu kuandika insha, anunue yenye waya kwa chini ya nusu ya bei hii, na kinachobaki anunulie bando. Mwenye afisi, dawati la mapokezi, maktaba ya shule au chumba chochote ambacho watu wawili hukaa pande mbili za mashine moja, anunue isiyo na waya.

Nilipita dukani wiki iliyopita. Seti ileile sasa ni shilingi 3,100, na muuzaji anakubali kuifungua kabla ya malipo. Mwambie aiwashe mbele yako, ugonge kila kitufe kimoja kimoja kwenye ukurasa mtupu pamoja na kitufe cha kulia cha kipanya, na usome mgongo wa sanduku hadi uyaone maandishi ya AES. Waya wa kurefushia USB hauzi yeye. Unapatikana kwenye kibanda cha chaja kilicho mlangoni, mkono wa kushoto unapotoka.